Doti ya Bwana Simba

Usinibetulie midomo, wewe. Umejifunga kanga kiunoni, hujui jina lake lilitoka wapi, halafu unasema nakudanganya! Kaa kitako usikie.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, Bi Kanga alifuma nguo nyeusi akaitia madoa meupe kama manyoya yake. Majirani wakiitaka walisema, "Nipe ile ya Kanga." Midomo ikachoka, wakasema kanga tu. Basi. Jina halikushuka mbinguni.

Nguo ilitoka vipande viwili vimeshikana, ndiyo doti. Unakata katikati, unapinda ncha, ndipo unavaa. Kila mwanamke alijua. Bwana Simba hakujua, maana hata sindano hajapata kuishika.

Asubuhi ya harusi ya Tembo, mlango wa Kanga ukagongwa: gu! gu! gu!

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Kanga. Vifaranga wake saba walikuwa wamejificha uvunguni.

"Marahaba. Nimekuja kula wanao. Harusini chakula huchelewa."

"Karibu. Ila ndiyo utakwenda hivyo hivyo, uchi?"

Simba akajitazama. "Uchi? Na manyoya yote haya?"

"Hata Fisi ana manyoya. Na kanga kavaa."

"Fisi!" Simba akanguruma, vyungu vikatikisika. "Nivalishe! Upesi, kisha nile."

Kanga akatoa doti mpya, haijakatwa.

"Mbona ndefu?"

"Ya wakubwa haikatwi, bwana. Wadogo ndio wanaogawana vipande. Bana mikono. Simama wima. Vuta tumbo!"

Akamzungusha, akamzungusha, toka shingoni hadi visiginoni. Akachukua sindano na uzi wa katani: chwi! chwi! chwi! Akashona ncha juu ya ncha, mpaka chini.

"Inabana," akasema Simba.

"Ya harusini lazima ibane. Hebu tembea tukuone."

Simba akainua mguu. Mguu haukuinuka. Akataka kutoa kucha. Kucha zimo ndani. Puu! Akaanguka kama gogo.

"We Kanga! Nifungue! Nitakutafuna wewe na hao wanao!"

"Utatukamata kwa mikono ipi, baba? Watoto, tokeni. Mmoja mmoja, msimkanyage mgeni."

Vifaranga wakatoka, wakampita puani kabisa. Simba akameza mate.

"Dada Kanga," akasema, sauti sasa laini kama ya mwenye kuomba chumvi, "harusi itanipita."

"Itakupita. Doti hukatwa, ikapindwa, ndipo ikavaliwa. Ungemuuliza mkeo, angekwambia."

"Mimi nimuulize mke mambo ya nguo?"

"Ndiyo hayo sasa. Mwenye nguvu asiyeuliza hufungwa na mnyonge anayejua."

Akawahesabu wanawe: saba. Akatoka nao, akaufunga mlango.