Kalunde Aliyejibu "Bado"

Tumepokea kwa wazee waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na mwanamke mmoja huko Unyamwezi, jina lake Kalunde, aliyetamani ubatizo kuliko chakula. Jirani yake Apolonia, Mkristo wa kupokea Ekaristi kila Dominika, alikuwa amemzushia uchawi. Kwa uzushi huo mumewe Kalunde alimfukuza, akamnyang'anya na binti yake. Kalunde hakumwona tena mtoto yule.

Kila Pasaka ilipokaribia, Padre aliwahoji wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, mmoja mmoja: "Umewasamehe wote waliokukosea?" Wenzake walijibu ndiyo, wakapita. Kalunde alijibu, "Bado, Padre." Basi akarudishwa nyuma, mwaka baada ya mwaka.

"We Kalunde nawe!" walimtania. "Sema ndiyo yaishe. Nani atakupasua kifua aangalie?"

"Ninayetaka kumpokea anaona bila kupasua," aliwajibu.

Na jamani, hamu ilimtesa! Siku hizo wakatekumeni walitolewa nje baada ya mahubiri. Yeye alibaki ameegemea ukuta wa kanisa, na kengele ya mageuzo, mkate unapogeuka Ekaristi, ilipolia, alilia naye. Aliomba neema ya kusamehe usiku na mchana, na moyo ukabaki mgumu vilevile.

Mwaka mmoja homa kali ikamwangusha. Padre na katekista walikuwa mbali, wakizungukia vigango, makanisa madogo ya vijijini, na ilikuwa wazi kwamba hatawangoja. Kanisa linafundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, hata mtu asiye padre aweza kumbatiza. Dada yake, ambaye hakuwa Mkristo wala hakujua maneno ya ubatizo, akatoka mbio kutafuta Mkristo, akarudi na Apolonia, kwa kuwa wengine wote walikuwa wamekwenda mashamba ya mbali.

Apolonia alipiga magoti na kata ya maji mkononi. "Mwenzangu, nilikusingizia. Nimeungama kwa Padre, lakini kwako niliogopa kuja. Mkono huu haustahili."

Kalunde alimgeukia. Kisha akasema, "Niulize lile swali la Padre."

"Mimi? Nitaulizaje mimi?"

"Niulize wewe hasa."

Apolonia akauliza huku analia: "Umewasamehe wote waliokukosea?"

"Nimezoea kusema bado," Kalunde akajibu, naye machozi yakimtoka. "Leo neno lenyewe haliji. Nimekusamehe, dada. Mwaga maji."

"Nikubatize kwa jina gani?"

"Apolonia."

Basi akammwagia maji, na Kalunde akafariki alasiri ile ile. Mazikoni, yule aliyembatiza alisimama mbele ya kijiji kizima akautangaza uongo wake mwenyewe.

Sasa msije mkaniuliza, wapendwa, kwa nini Mungu alimwacha mja wake afe bila kuionja Ekaristi hata mara moja. Alikufa akiwa na njaa nayo, na Bwana anajua kushibisha. Wa kuhurumiwa zaidi ni sisi tunaopanga mstari kila Dominika, tukaipokea, tukarudi kukaa, wala hatukuwa na njaa yoyote.