Muhogo wa Siku Moja

Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawaachia kazi iliyonishinda mimi.

Katika kijiji cha Namaleche, kule kusini kwenye mchanga mwekundu, walikuwapo watu watatu. Osmundi Chilumba, mwinjilisti, alijaliwa kutilia shaka: hakuamini neno kwa kuwa limesemwa na wengi, wala kwa kuwa kalisema yeye. Winfrida, nesi, alijaliwa kuuliza. Ukimjibu leo, kesho anarudi kukuuliza tena. Wa tatu, Tekla Namkoka, mkulima na mama wa binti mmoja, watu hawakujua kajaliwa nini.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Mahindi yakafa, mbaazi zikafa, ukabaki muhogo mchungu, ule usiolika mpaka ulowekwe majini siku nne, ndipo uanikwe na kutwangwa. Mwezi wa tisa watoto wakaanza kuamka miguu imekakamaa. Wa kwanza alikuwa Fausta, binti wa Tekla, mwenye miaka saba. Alilala mzima, asubuhi akaita, "Mama, miguu haitaki." Kufika Krismasi walikuwa kumi na tisa.

Kijiji kikamtaja mchawi: Bibi Nangongo, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Watu walikwisha kurundika nyasi kavu mlangoni kwake, Osmundi akajipenyeza na kusimama mbele yao.

"Nani kati yenu amemwona akiloga?"

"Kila mtu anajua, Mwinjilisti!"

"Adamu alipoanguka, macho yetu yalianguka naye, na akili zetu pia. Tunaona tunachotaka kuona. Mtu aliyeanguka hana haki ya kusema 'najua' kabla hajapima. Ondoeni nyasi."

Wakaziondoa. Lakini tangu siku hiyo wengi hawakumwamkia.

Winfrida yeye alidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Akapita nyumba kwa nyumba, jua kali, mpaka kandambili zikakatika. Akakuta mtoto kapooza na mdogo wake anayelala naye mkeka mmoja ni mzima. Akaifuta dhana yake mwenyewe, akaanza upya: mnakunywa maji gani, mnakula nini? Akaona kwamba penye samaki au maziwa ya mbuzi hapana aliyepooza. Palipo na muhogo mtupu, ndipo penye kilio. Basi akawauliza akina mama, mnaloweka siku ngapi?

"Nne, Sista, kama bibi zetu."

Akauliza mara tatu. Nne, nne, nne. Hapo akakwama.

Jumapili moja Osmundi alihubiri habari za bustani. "Walikula," alisema, "hilo mnalijua. Lakini kilichofuata ni kujificha, kisha kumsingizia mwingine." Tekla akainuka katikati ya mahubiri, Fausta mgongoni.

"Mimi muhogo niliutoa majini baada ya siku moja tu," alisema. "Mtoto alikuwa analia njaa. Sista nilimdanganya. Mkono uliomlisha ni huu."

Kisha akainuka mama mwingine: "Na mimi, siku moja." Na mwingine: "Mbili." Mumewe Tekla akatoka nje, na nyumbani hajarudi mpaka leo.

Tangu hapo wote wakaloweka siku nne, na hakuna mwingine aliyepooza. Winfrida akasema, "Tumepata. Ni sumu ya muhogo usiolowekwa vya kutosha." Osmundi akatikisa kichwa. "Mvua zimerudi, mboga zimeota. Tunajuaje kilichozuia? Juzi tulikuwa na hakika na Bibi Nangongo. Leo tuna hakika na huyu mama."

Akataka aupime muhogo huo kwa mwili wake mwenyewe. Winfrida alimkataza, lakini Mwinjilisti akala kwa siri. Muhogo wa siku moja, mchana na jioni, bila mboga. Ukweli ni kwamba alimwonea Tekla huruma. Alitamani ionekane kwamba si muhogo wake uliomlemaza mtoto. Wiki ya sita alianguka kwenye ngazi ya madhabahu, asiinuke. Tekla alipokuja kumwona, alimwambia, "Mama Fausta, nilitaka kukutua mzigo. Nimekuongezea."

Hapakuwa na shaka tena. Ugonjwa ukaisha Namaleche, lakini miguu iliyokwisha kukakamaa haikunyooka.

Baadaye dayosisi ikajenga zahanati, ikaagiza iitwe kwa jina la mtu mmoja tu, yule aliyefichua chanzo cha msiba. Baraza likakaa.

"Mwinjilisti," walisema wengine. "Bila yeye tungechoma nyumba, tukaendelea kupooza. Na miguu yake ndiyo iliyotuthibitishia."

"Sista Winfrida," walisema wengine. "Bila yeye nani angewaza muhogo?"

Winfrida akajibu, "Mimi nilikuwa nakusanya uongo tu, mpaka Tekla aliposimama."

"Tekla?" shemeji yake akaruka. "Jina la aliyemlemaza mwanawe liwe juu ya mlango wa tiba?"

"Na wengine waliwalemaza wa kwao," Osmundi alisema, amekalishwa chini kwenye mkeka. "Yeye peke yake ndiye aliyesema kwanza."

Wakamgeukia Tekla. Alikuwa akimnyoosha Fausta miguu, polepole, kama kila siku.

"Langu msiandike," alisema. "Mtoto ameanza kujua kusoma."

Wakatawanyika. Ubao wa zahanati ulipakwa rangi nyeupe, na mpaka sasa hauna jina. Ninyi mliokaa kunisikiliza, brashi ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?