Jiwe Lililojaa Sifa

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Jiwe hilo!"
"Na liseme!"
"Likisinzia?"
"Tuliamshe kwa wimbo!"

Basi hapo kale, katika nchi ya Wakhmer, ambako mashamba ya mpunga hulala majini na mbingu hulala ndani yake, aliishi mchonga mawe, jina lake Sarun. Alikuwa na binti mmoja tu, Mealea. Mealea akiimba, jiwe lilikuwa laini kama ugali wa moto. Mnacheka? Haya, kagongeni jiwe bila wimbo, mwone.

Siku moja mfalme akashusha jiwe kubwa kutoka mlimani.

"Sarun, mbele chonga sifa zangu kwa Kisanskriti, lugha ya miungu. Nyuma chonga sadaka zangu kwa hekalu, kwa Kikhmer, lugha yetu ya jikoni. Kitakachochongwa ni cha hekalu milele. Kisichochongwa si chake."

"Sadaka zipi, Mtukufu?"

"Ng'ombe mia. Mashamba saba. Na mwisho, binti yako. Akaimbe humo, asitoke tena."

Moyo wa Sarun ukapasuka. Akainama. "Nimesikia, Mtukufu."

Akachonga, ko, ko, ko. Mealea akaimba. Upande wa mbele ukajaa. Sarun akaenda kwa mfalme.

"Mtukufu, nimesahau kusema uso wako ni mwezi."

"Ongeza!"

Sifa zikazunguka ukingo, zikaingia nyuma. Ko, ko, ko. Akachonga ng'ombe, akarudi.

"Mtukufu, nimesahau kwamba ndovu hukupigia magoti."

"Ongeza!"

Ko, ko, ko. Akachonga mashamba, akarudi mara ya tatu.

"Mtukufu, imebaki nafasi ya mstari mmoja tu. Nichonge jina la binti yangu, au kwamba mayungiyungi huchanua yakisikia hatua zako?"

Mfalme akaja mwenyewe. Akamtazama Mealea. Akalitazama jiwe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mfalme je?

"Hayo mayungiyungi," akasema taratibu, kama aotaye, "huchanua kweli?"

"Nimeyaona kwa macho yangu, Mtukufu."

"Basi yachonge hayo."

Sarun akachonga, machozi yakidondokea tindo. Mealea akaimba, akaimba mpaka nyumbani.

Mfalme alikufa. Hekalu likamezwa na mizizi. Jiwe bado linamsifu, na hakuna anayesimama kulisikiliza. Lakini ule wimbo wa Mealea, akina mama wa huko huwabembelezea watoto mpaka leo.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa jiwe, nafasi imekwisha. Mwenye la kuongeza, akatafute jiwe lake.