Alama ya Kidole Shingoni

Sogeeni, nina kesi imenishinda. Nimeibeba peke yangu vya kutosha, leo nawatwika ninyi.

Walikuwapo mafundi watatu. Wa kwanza, Sikudhani, alijua nta: akimtazama mtu mara moja, vidole vyake vinamtoa vilevile. Mzee Mwinjuma alijua udongo, aliuchekecha mpaka ukawa laini kama unga wa uji. Kibwana alijua moto. Kwa rangi tu alitambua shaba iliyoiva.

Jumbe Makame alifiwa na binti yake, Zaituni, akawaita. "Nirudishieni sura yake kwa shaba," alisema. Akawaweka kwenye ua wenye ukuta mrefu na mlango mmoja, uliofungwa kwa nje. Wao walidhani ni kwa ajili ya wezi, maskini.

Sikudhani, aliyewahi kumwona Zaituni akiwa hai, akamfinyanga kwa nta, kichwa kimeinama kidogo, kama anasikiliza. Alipomwinua, dole gumba likazama shingoni. Alitaka kulainisha pale, moyo ukakataa, akaacha.

Mwinjuma akaivika nta ile udongo, tabaka juu ya tabaka, akaacha matundu ya hewa. Kisha akaupasha moto, nta yote ikayeyuka na kuchuruzika nje. Sikudhani akalia kuona kazi yake inageuka dimbwi.

"Usilie, mwanangu," Mwinjuma alimwambia. "Nafasi yake imebaki humu ndani."

Kibwana akamimina shaba kwenye nafasi hiyo. Cheche zikamwangukia miguuni, nyama ikaungua, hakusogea hata kidogo, maana ukikatiza kumimina katikati, shaba haiungani tena. Ilipopoa, Mwinjuma akauvunja udongo wake kwa mkono wake mwenyewe, na Zaituni akatokea.

Jumbe alikuja akampapasa usoni. Alipofika kwenye ile alama shingoni, akaweka kidole chake humo, kama anayetafuta mapigo ya moyo.

"Hapa," alisema. "Hapa yu hai."

Akabebesha watumishi sanamu, akatoka. Mlango ukafungwa tena.

"Jumbe, kazi si imekwisha?" Kibwana aliita.

"Hamtoki. Mkitoka mtamtengenezea mtu mwingine sura ya mwanangu."

Ah, jamani, ukuta ule! Sikudhani alimsikia mtoto wake akimwita kutoka upande wa pili. Akiitikia, mtoto anazidi kulia, basi akaacha kuitikia. Mwinjuma aliogopa kufia humo na kuzikwa na watu wasiomjua. Kibwana hakuwa na mtu. "Sina anayeningoja," alisema, "ndiyo maana nataka kutoka, nikampate."

Mke wa Jumbe aliwaombea mpaka mumewe akalegea, lakini nusu tu. Jumbe akasimama mlangoni na ufunguo.

"Mmoja atatoka," alisema, "kwa sababu mmoja peke yake hawezi kumtengeneza tena. Atoke aliyeweka ile alama shingoni. Wengine watabaki humu maisha yao yote."

Sikudhani akanyanyua dole gumba lake.

"Dole ni lake, Jumbe, sibishi," alisema Mwinjuma. "Lakini nta yake ilimwagika yote. Ulioitunza alama ile ni udongo wangu. Ungekuwa na chenga, usingeona kitu."

"Na udongo wa mzee nao umevunjwavunjwa," alisema Kibwana. "Unachokigusa wewe kila siku ni shaba yangu. Tazama miguu yangu hii."

Kisha wakatazamana, wakaona haya, kwa kuwa kila mmoja, kwa maneno yake, alikuwa amewafungia wenzake humo maisha.

Basi Jumbe alinikabidhi mimi kesi hii, amechoka kusubiri jibu langu, na ameniambia niwaulize ninyi. Msiniambie watoke wote, hilo nimeshamwomba akakataa. Sema wewe uliyekaa hapo mbele: ungemtoa nani? Na wale wawili unaowaacha, ungewaambia nini huku mlango unafungwa?