Ruzuna na Jini Aliyebeba Machela

Katika mji wa Zahriya, wenye milango saba na bustani za makomamanga, alitawala Sultani Mundhiri bin Fadhili, na kila mwaka raia zake walitoka kwenda kuhiji kwa njia ya jangwani, mwendo wa siku arobaini. Na juu ya msafara Sultani alimweka Amiri Shaddadi, mtu wa nasaba kubwa, na kidoleni mwake Amiri alivaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo alimtumikisha jini aitwaye Barkushi, aliyefungwa zamani na babu yake Sultani.

Mwaka huo miongoni mwa mahujaji alikuwamo mjane mmoja mfuma mazulia, jina lake Ruzuna, na tangu lango la mji alifuatana na Bi Tufaha, kikongwe aliyekuwa mkunga wa mtaa wao na aliyempokea Ruzuna mwenyewe siku alipozaliwa, na pamoja nao Kheri, fundi makubadhi, ambaye kila walipopumzika aliwashonea wenzake viatu vilivyokatika na hakutaka ujira.

Siku ya kumi na tisa waliondoka alfajiri Kisima cha Mawe, na mbele yao palikuwa na mwendo wa kutwa nzima mpaka Kisima cha Mtende, na katikati hapakuwa na tone la maji. Kila mtu alikuwa na kibuyu kimoja. Jua likapanda, na mchanga ukaunguza nyayo hata ndani ya ngozi ya viatu, na ilipofika adhuhuri vibuyu vilikuwa vitupu. Na mbele ya msafara Amiri alikwenda ndani ya machela ya hariri juu ya kichwa cha jini, na jini huyo, mrefu kama mnara, mkono mmoja alishika wingu dogo la kumtilia Amiri kivuli, na mkono wa pili alishika kiriba kisichokauka, na kwa maji hayo mbwa wa kuwinda wa Amiri walinyweshwa na kuogeshwa, wakajikung'uta, na matone yakamezwa na mchanga mbele ya watu waliokuwa wakiramba midomo yao.

Ndipo Bi Tufaha alipokunja magoti na kuketi chini.

"Wanangu, niacheni hapa nipumzike," akasema. "Nyinyi nendeni."

"Hatuendi popote, bibi," akasema Kheri, na akavua joho lake akamfunika kichwa.

Mahujaji wengine wakapita wameinamisha nyuso, kwa kuwa walimwogopa sana jini, na mzee mmoja akamwambia Ruzuna kwa sauti ya chini, "Ndivyo ilivyo kila mwaka. Mwaka jana tuliwazika kumi na mmoja njia hii hii."

Maneno hayo yakamchoma Ruzuna kuliko jua. Kumi na mmoja, na mbwa wanaoga! Akakimbia mpaka mbele ya jini, akamzuia njia, akapaza sauti.

"Ewe Amiri, yuko mwanamke anakufa kwa kiu nyuma yako. Nipe kibuyu kimoja cha maji."

Amiri akafunua pazia. "Ewe mwanamke," akasema, "hija ni taabu, na taabu ndiyo thawabu yake. Ningewanywesha nyote, ningewanyima ujira wenu mbele ya Mola. Rudi kwenye safu yako, na ushukuru kwamba nimekujibu."

Ruzuna akatambua kwamba mtu yule hana la kuambiwa. Akainua uso akamtazama jini, jambo ambalo hapana aliyethubutu kulifanya.

"Na wewe," akasema, "una nguvu zote hizi, huoni haya? Ulifungwa ili uogeshe mbwa?"

Jini akasimama, na machela ikayumba.

"Miaka thelathini nangoja swali hilo," akasema Barkushi, "kwa kuwa ulimi wangu ulifungwa nisinene mpaka niulizwe. Niliapishwa kumtumikia kila aendaye njia hii kwa miguu yake. Pete ni ya kuniitia tu. Amiri huyu aliniita siku ya kwanza akiwa amesimama mchangani, akaniamuru nimbebe, nami nikatii. Tangu hapo hapana mwenda kwa miguu aliyeniamuru lolote."

"Mwongo huyo," akasema Amiri, na uso wake ukageuka kijivu.

"Mtue chini," akasema Ruzuna. "Kisha wape watu maji."

Na jini akaitua machela mchangani, na wingu likatanda juu ya msafara wote, na kiriba kikapita mkono kwa mkono. Ruzuna akarudi mbio na kibuyu kimejaa, na Kheri akamwinua kikongwe, naye akanywa mafunda mawili, akamshika Ruzuna shavu, akatamka shahada, na roho yake ikatoka.

Ruzuna hakulia. Alisimama, akaenda kwa Amiri, na akamwambia, "Utambeba."

"Mimi ni Amiri."

"Utambeba, na jini hatakusaidia."

Mahujaji wakamzunguka Amiri, na safari hii hapana aliyeinamisha uso. Basi wakafanya jeneza kwa miti ya machela, na Amiri Shaddadi akalitia begani pamoja na watu watatu, na viatu vyake vya mahameli vikachanika, na hapana aliyempokea mzigo mpaka Kisima cha Mtende, ambako walimzika Bi Tufaha kabla ya magharibi.

Waliporejea Zahriya, Sultani akasikia, akaona aibu kubwa mbele ya raia zake, akamvua Shaddadi uamiri na kumnyang'anya kasri na mali, na akampa Ruzuna vyote, na uongozi wa msafara pia. Akamposa kwa ajili ya mwanawe, naye Ruzuna akajibu kwa adabu, "Mola akuzidishie, ewe Sultani, lakini nimekwisha kumpata wangu njiani." Akaolewa na Kheri, na harusi ikachezwa siku saba.

Tangu mwaka ule hakuzikwa mtu kwa kiu katika njia ile. Lakini kila walipomsifu, Ruzuna alikasirika, akasema, "Miaka thelathini maji yalikuwa yetu, na sote tulikuwa tukitazama chini." Na mafunzo ya hekaya hii ni hayo maneno yake: anayedhulumiwa na aulize haki yake kwa sauti, mapema, kabla mwenzake hajaanguka. Aliyenisimulia aliishia hapa, nami sina la kuongeza.