Kikuba cha Zimwi

Sogeeni karibu. Ngano hii nikiisimulia mimi, hata kuku husahau kuingia bandani.

Palikuwa na Mwanamkasi, fundi wa kushona vikuba, vile vishada vya asumini vya kuvaa kifuani, na mumewe Shekue, mbishi wa kupindukia. Siku moja zimwi lilipita bustanini mwao. Shekue akabishana nalo kuhusu njia, likammeza mzima.

"Nitemee mume wangu!" Mwanamkasi akafoka.

"Nipe kwanza kikuba kinachonukia, la sivyo na wewe nakumeza."

Ilikuwa alasiri. Akachuma asumini zikiwa bado tumba, kama wachumavyo mafundi wote, akashona, akalibandika zimwi kifuani.

"Hazinukii!"

"Hufumbuka jua likizama, bwana mkubwa. Subiri."

Jua likashuka kidogo. "Tayari?"

"Bado."

Likashuka tena. "Tayari?"

"Bado, jamani!"

Likagusa vilele vya minazi. "Tayari?"

"Hivi mama yako alikuzaa miezi saba? Bado!"

Jua likazama. Asumini zikafumbuka zote pamoja, harufu ikalipanda zimwi puani, likapiga chafya ya kung'oa mihogo. Shekue huyo nje, puu, katikati ya maboga.

Akajipangusa. "Muda wote huo? Si ungechuma zilizokwisha kuchanua?"

"Asumini gani inachanua alasiri?"

"Zipo. Mimi najua."

Mwanamkasi akaligeukia zimwi. "Baba, bado una njaa?"

"Ya huyo? Hata tumboni alinibishia!" Zimwi likashika kikuba chake, likatoka mbio.

Yangu yameishia hapo. Anayebisha, zimwi halimtaki.