Mpiga Mbiu Aliyejua Kila Mlango Unapenda Nini

Mnanichosha. Asubuhi yote, "Bibi, tupe hadithi tuitume kwenye kundi," kama vile kundi lenu la simu lina njaa. Haya, nasema mara moja, na asiyesikia asiniulize.

Zamani palikuwa na mji wenye mitaa miwili, Juu na Chini, na watu wake walikuwa watani. Akifa mtu wa Juu, wa Chini ndio wanaomchimbia kaburi. Akifa wa Chini, wanachimba wa Juu. Na walichimba kwa matusi! Mtani anavaa kanzu ya marehemu, anaiga alivyokuwa akichechemea, anamsema kwa uchoyo wa ugoro. Wafiwa wanalia na kucheka pamoja. Siku hizi msiba gani una raha ile?

Mpiga mbiu wao alikuwa Fumbwe, mtu wa Chini. Kila jioni alisimama njia panda, akapiga ngoma, akatangaza habari zote, tamu na chungu. Kila mtu akasikia zilezile.

Lakini Fumbwe alipenda kula vya watu. Akagundua jambo: anayefurahi humwambia, "Kaa ule," na anayekasirika humkalisha zaidi. Akaiacha njia panda, akaanza kupita mlango kwa mlango. Bi Mwanakheri alipenda harusi, akapewa harusi tupu. Mzee Kibwana wa Juu alipenda kusikia ubaya wa Chini, akapewa huo.

"Leo wamesemaje?" Kibwana anauliza, huku anamsogezea sahani ya mihogo.

"Wamesema ninyi wa Juu mnanuka kama beberu."

Kweli walisema. Walisema wakicheka, kisha wakamwombea Kibwana dua, maana alikuwa anaumwa mgongo. Fumbwe hakuleta kicheko wala dua. Alileta beberu tu. Halafu akashuka Chini kufanya vivyo hivyo.

Watani wakaacha kusalimiana. Fumbwe akanenepa.

Ndipo mama yake akafa. Fumbwe akapanda mbio hadi kwa Kibwana.

"Mzee wangu, mama hatunaye tena. Njooni mtuchimbie."

"Tuje na unukaji wetu?"

"Ule ulikuwa utani, mzee! Hata dua walikuombea."

Kibwana akaacha kutafuna. "Dua? Mbona hukuniambia?"

"Hukuwa unaiulizia."

"Nimelala na mgongo wangu masika yote nikidhani nimetupwa. Sasa nishike lipi, la siku zile au la leo? Kinywa chako hufuata sahani. Nenda zako."

Akapita kwa Bi Mwanakheri. Bibi wa watu akatoka mbio, akauliza harusi ni ya nani.

Akarudi kwa wenzake wa Chini. "Sisi tumchimbie mtu wetu wenyewe? Mwiko huo," wakamwambia. "Na hao wa Juu, si ulisema wanatuita mbwa? Hatuendi kuwabembeleza."

Basi Fumbwe akashika jembe, akamchimbia mama yake kaburi mchana kweupe, watu wakimchungulia madirishani. Aibu kama ile mji ule haukuwahi kuiona. Na tangu siku hiyo hadi anaingia yeye kaburini, hakuna mtu aliyemtania tena.

Funzo: Simu inayokuletea yale tu unayoyapenda na yale yanayokuchoma, ikakuficha mengine, haikupendi, inataka ukae nayo tu. Kabla hujamchukia jirani, nenda kasikie mwenyewe alisema nini, na alisema akicheka au amenuna.